Barua ya Wazi kwa Wakuu wa AMC: Namna Mlivyoidhoofisha The Walking Dead na Kushindwa Kuimaliza

Kwa: Wakuu wa kampuni ya televisheni ya AMC Networks, New York, Marekani
Nakala: Msimamizi Mkuu wa Maudhui ya The Walking Dead

YAH: KUPOROMOKA KWA TAMTHILIA YA THE WALKING DEAD NA NAMNA ILIVYOHITIMISHWA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mmoja wa watazamaji walioiangalia tamthilia yenu yote, hadithi ya watu wanaojaribu kuishi katika dunia iliyojaa wafu wanaotembea na kung'ata walio hai, sehemu 177 katika misimu 11, kuanzia ile iliyorushwa tarehe 31 Oktoba 2010 hadi ile ya tarehe 20 Novemba 2022. Huku Afrika Mashariki waliomudu king'amuzi cha DStv waliifuata kwenye chaneli ya FOX, na wengine wengi, nami nikiwemo, tuliipata kwenye flashi kutoka kwa vijana wanaouza filamu mitaani, ambao swali lao ni moja tu: unataka msimu wa ngapi? Nalitaja hilo mapema ili msiulize nilikuwa mteja wa aina gani, na mbele nitalirudia, kwa kuwa nanyi mna sehemu yenu ndani yake.

Naandika hadharani kwa sababu njia nyingine zimekwisha kujaribiwa na wengi kabla yangu bila mafanikio. Desemba 2017, mlipotuonyesha kwamba Carl, mwana wa mhusika mkuu Rick Grimes, ameng'atwa na mfu, yaani atakufa, maelfu ya watazamaji walitia saini ombi mtandaoni wakitaka mtayarishaji mkuu wa wakati huo, Scott Gimple, aondolewe kwenye nafasi yake. Jibu lenu lilikuja Januari 2018: mlimpandisha cheo na kumkabidhi maudhui yote yanayotokana na hadithi hiyo, ya wakati ule na ya baadaye. Sina ugomvi naye binafsi, na misimu yake ya mwanzo, hasa wa nne na wa tano, ilikuwa mizuri mno. Lakini mlalamikaji anayejibiwa namna hiyo hubakiwa na njia moja tu, nayo ni kulisema jambo mbele za watu.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tuna kanuni ambayo haijaandikwa popote na kila mtoto anaijua: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini mwisho wa filamu atasimama na adui atalala. Tamthilia yenu ilikuja ikaivunja kanuni hiyo mbele ya macho yetu, na hapo ndipo tulipoipenda. Kumbukeni sehemu ya saba ya msimu wa pili, Novemba 2011. Nusu msimu mzima kundi lilikuwa likimtafuta binti wa Carol, Sophia, katika misitu inayozunguka shamba la Hershel. Banda la shamba likafunguliwa, wafu wakatoka mmoja mmoja wakapigwa risasi, kukawa kimya, kisha akatoka wa mwisho, mdogo, akipepesuka, naye alikuwa Sophia. Carol akakimbia, mwenzao Daryl akamdaka na kumshika pale chini. Wale wote waliokuwa wakifyatua bunduki kwa ghadhabu dakika moja iliyotangulia walishindwa kuziinua, mpaka Rick akapita mbele yao na kufanya lililopaswa kufanywa. Hapakuwa na hila yoyote katika tukio lile. Hatukuambiwa tusubiri wiki ijayo kujua ni nani. Mtoto alikuwa amekufa siku nyingi, na tamthilia ilikuwa na ujasiri wa kutuambia hivyo.

Shauri langu lote ni hili: kuanzia mwaka 2015 ninyi wenyewe mliirudisha kanuni ya steringi hafi kwa mlango wa nyuma, kwanza kwa kukichezea kifo, kisha kwa kukiwekea bima. Nayaeleza malalamiko yangu kama ifuatavyo.

1. Kumwondoa aliyeiasisi, na kubana matumizi wakati mnavuna

Julai 2011, msimu wa pili ukiwa unatengenezwa, mlimwondoa Frank Darabont, mtu aliyekitoa kitabu cha katuni cha Robert Kirkman kwenye karatasi na kukileta kwenye televisheni, na aliyeiongoza mwenyewe sehemu ya kwanza. Mliongeza idadi ya sehemu kutoka 6 hadi 13 na papo hapo mkapunguza fedha za kutengenezea kila moja, ndiyo maana kundi zima likakaa shambani msimu mzima likibishana. Yeye na mawakala wake waliwashtaki Desemba 2013, wakidai kwamba mlijiuzia wenyewe tamthilia kwa bei ya chini ili mgawo wake wa faida uwe mdogo, na shauri hilo lilimalizwa Julai 2021 kwa makubaliano ya dola milioni 200. Ningependa kujua fedha hizo zingetengeneza misimu mingapi kama ule wa kwanza.

Kuondoka kwake kuliacha pia tatizo la kumbukumbu. Katika msimu wa kwanza kuna mfu aliyeokota jiwe kuvunja kioo cha duka jijini Atlanta, na mke wa Morgan, akiwa amekwisha kufa, alishika kitasa cha mlango na kukizungusha. Tabia hizo zikatoweka kwa muongo mzima bila maelezo, kisha msimu wa 11 wafu wanaopanda kuta na kufungua milango wakaletwa kama habari mpya, na wahusika wakashangaa. Waliokuwa wakifuatilia tangu mwanzo hawakushangaa. Walijua tu kwamba waandishi wa sasa hawakuwa wale wa zamani.

2. Kumuua Glenn mara mbili

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nyumba ilipopata ufa.

Oktoba 2015, katika sehemu ya tatu ya msimu wa sita, Glenn, aliyekuwa kundini tangu msimu wa kwanza, na mwenzake Nicholas walizingirwa na wafu wakiwa juu ya pipa kubwa la taka la chuma. Nicholas akamshukuru Glenn, akajipiga risasi, wakaanguka pamoja, na kamera ikatuonyesha uso wa Glenn ukilia huku matumbo yakivutwa kifuani pake. Mkalifuta jina la Steven Yeun, anayemwigiza Glenn, kwenye orodha ya waigizaji inayotokea mwanzoni mwa kila sehemu. Wiki zikapita watu wakibishana: yale matumbo ni ya nani? Katika sehemu ya saba jibu likaja: yalikuwa ya Nicholas aliyelala juu yake, na Glenn alikuwa amejivuta chini ya pipa. Jina likarudishwa.

Kama mngeishia hapo, tungesema ni utani uliopitiliza na maisha yangeendelea. Lakini miezi michache baadaye, tarehe 3 Aprili 2016, mkahitimisha msimu uleule kwa sehemu mliyoirefusha hadi dakika 90 pamoja na matangazo ya biashara, ambamo Negan, kiongozi wa maadui, aliwapigisha magoti watu 11 wa kundi la Rick, akawahesabu kwa rungu lake la besiboli lililozungushiwa seng'enge, akamchagua mmoja, na mkaifanya kamera iwe macho ya yule aliyechaguliwa ili tusimjue. Damu ikatiririka kwenye kioo, sauti ikafifia, majina yakaanza kupanda. Tukaambiwa tusubiri hadi Oktoba.

Kirkman aliyaandika mauaji hayo katika toleo la 100 la kitabu chake mwaka 2012, na msomaji aliyefungua kurasa zile alimwona Glenn akifa palepale, kwa jina lake na kwa uso wake. Ninyi mlichukua maombolezo yale mkayakata katikati, mkatupa nusu mwezi Aprili na nusu ya pili mwezi Oktoba. Kufikia tarehe 23 Oktoba 2016 Abraham na kisha Glenn wakiuawa, watu hawakuwa wakisikitika tena, walikuwa wakikagua kama walikisia vyema. Ukatili ule uliooneshwa kwa karibu, jicho lililotoka mahali pake, maneno ya mwisho kwa mkewe Maggie, ulikuwa mzito kuliko chochote mlichowahi kuonyesha, na haukuwa na mahali pa kukaa moyoni mwa mtazamaji, kwa kuwa mlikuwa mmekwisha kumfundisha mwaka mzima kwamba kifo cha Glenn ni fumbo la kubashiri.

Watu zaidi ya milioni 17 waliangalia usiku ule nchini Marekani. Wiki iliyofuata walikuwa milioni 12 na nusu hivi.

3. Kumuua Carl, na pamoja naye mwisho wa hadithi

Kwa Glenn mlijitetea kwamba mlikuwa mkifuata kitabu. Utetezi huo ulikufa Februari 2018, Chandler Riggs alipoonekana kwa mara ya mwisho akiwa Carl hai. Katika kitabu Carl hafi. Hadithi yote ya Rick Grimes ni hadithi ya baba anayejaribu kumfikisha mwanawe kwenye dunia inayokalika, na toleo la mwisho, la 193, lililotoka Julai 2019, linamwonyesha Carl akiwa mtu mzima, na binti wake mwenyewe, katika nchi ambayo wafu wamekuwa simulizi za wazee. Mlipomuua kijana yule mliung'oa mwisho ambao mwandishi alikuwa akiujengea tangu mwaka 2003, na hamkuwa na mwingine wa kuweka mahali pake. Kwa sababu hiyo misimu mitatu iliyofuata ilibidi mzigo wa Carl ubebwe na mdogo wake Judith, mtoto mwenye kipaji na kofia ya kaka yake, lakini asiyeweza kuwa na miaka minane ya kukua pamoja nasi.

Alikufa kwa ajili gani? Ili baba yake asome barua na hatimaye amwachie Negan uhai. Mtoto aliyepona risasi ya tumboni, aliyemfyatulia mama yake risasi asigeuke mfu, aliyepoteza jicho, aliondolewa ili kumrahisishia mwandishi zamu moja ya hadithi.

4. Vifo vya zamu

Hili nitalisema kwa ufupi kwa kuwa wengi wameliona. T-Dog alikufa katika sehemu ya nne ya msimu wa tatu, na Oscar akachukua nafasi yake kundini kabla hata hatujamzika. Msimu wa tano Bob, Tyreese na Noah waliondoka wote, mmoja baada ya mwingine. Ilifika mahali ambapo kuingia kwa mwanamume mweusi mpya kulikuwa ni taarifa ya kifo cha aliyekuwepo. Tulijivunia sana Danai Gurira, aliyekulia Harare, kwa namna alivyomfanya Michonne kuwa mtu asiyesahaulika, lakini fahari hiyo haikutufunga macho.

5. Rick, helikopta na filamu ambazo hazikuja

Andrew Lincoln, aliyemwigiza Rick, aliomba kuondoka ili awe karibu na familia yake Uingereza, na hakuna mwenye akili timamu atakayemlaumu. Mlikuwa na nafasi ambayo watayarishaji wengi huiomba Mungu: steringi wenu anaondoka kwa hiari, mna miezi ya kujiandaa, na dunia nzima inajua. Na kwa karibu sehemu nzima mliitumia vizuri. Tarehe 4 Novemba 2018 Rick alikuwa ameanguka kutoka juu ya farasi akachomwa na nondo iliyojitokeza kwenye zege, akajichomoa, akaongoza kundi la wafu kwa jeraha wazi, akiwaona marafiki waliotangulia kila alipopoteza fahamu. Pale darajani akafyatua risasi kwenye baruti na daraja likalipuka pamoja naye. Daryl akalia ukingoni. Nilisema moyoni: hatimaye wamethubutu.

Dakika chache baadaye Rick alikuwa ukingo wa mto, hai, akipakiwa kwenye helikopta. Usiku uleule mkatangaza kwamba hadithi yake ingeendelea katika filamu tatu. Mwaka 2019, kwenye maonyesho ya Comic-Con kule San Diego, mkatoa kionjo kilichoahidi kwamba filamu hiyo ingeonyeshwa kwenye majumba ya sinema tu. Mwaka 2022, pale palepale San Diego, mkasema hakuna filamu, kutakuwa na tamthilia ya sehemu sita. Ilianza Februari 2024, zaidi ya miaka mitano tangu helikopta iruke.

Katika kipindi chote hicho tamthilia mama iliendelea kwa misimu miwili na nusu ikiwa na mjane asiye mjane. Michonne aliomboleza, kisha Machi 2020 akaokota viatu vya Rick na simu iliyochorwa picha yake na ya Judith ndani ya meli chakavu, akaondoka kumtafuta, nasi tukabaki na watoto wawili wasio na baba wala mama kwa sababu za mikataba. Hakuna msiba unaoweza kuisha ambapo maiti imehifadhiwa kwa matumizi ya baadaye.

6. Kuwatangaza manusura kabla ya vita kwisha

Tarehe 9 Septemba 2020 mlitoa tangazo moja lenye mambo mawili. La kwanza, kwamba msimu wa 11 ungekuwa wa mwisho. La pili, kwamba baada ya hapo Daryl na Carol wangepata tamthilia yao. Yaani mlitangaza mwisho, na ndani ya tangazo hilohilo mkatuambia nani hatakufa. Zilikuwa zimebaki sehemu 30 na zaidi. Katika kila moja, kisu kilipomkaribia Daryl tulijua kitamkosa. Jengo lilipowaka Carol akiwa karibu, tulijua ametoka. Machi 2022 mkawaongeza Maggie na Negan. Huyu ni mke wa Glenn na huyu ni muuaji wa Glenn. Swali pekee la maana lililobaki katika tamthilia nzima lilikuwa kama Maggie angemuua siku moja, nanyi mkatujibu kwa taarifa kwa vyombo vya habari, kabla ya sehemu nane za mwisho kuonyeshwa.

Mwezi uliofuata mkatangaza kwamba Melissa McBride, anayemwigiza Carol, hatakuwemo kwenye tamthilia ile, ambayo sasa ingetengenezwa Ulaya na Daryl peke yake. Basi siku ya mwisho, Daryl alipopanda pikipiki na kumuaga Carol, urafiki wa miaka 12, mzuri kuliko mapenzi yoyote mliyoyaandika, uliagwa kwa sababu ya ratiba ya kazi, na kila mtazamaji alilijua hilo. Mwaka 2024 Carol naye akapelekwa Ufaransa, kwa hiyo hata kwaheri ile haikuwa kwaheri.

Katika sehemu hiyo ya 177 kifo cha mhusika mkuu kilichouma ni kimoja. Rosita, mmoja wa kundi, alipanda bomba akiwa amembeba mtoto wake, akateleza, akamezwa na kundi la wafu, akaibuka akiwakata huku na huku, tukashangilia. Baadaye kwa utulivu akamwonyesha Eugene alipong'atwa. Ni tukio zuri, na inafaa watu wajue kwamba wazo la kumuua Rosita lilitoka kwa mwigizaji mwenyewe, Christian Serratos, ambaye hakuwa na tamthilia iliyomsubiri. Mtu mmoja aliitazama hadithi hii kama kitu kinachokwisha, na mtu huyo ilibidi awaombe ruhusa ya kufa.

Kisha dakika za mwisho kabisa, ambazo zilikuwa za wale waliobaki na kufa na tamthilia hadi siku ile, mkazigeuza kionjo cha Rick na Michonne.

Naomba mlinganishe na alivyofanya Kirkman. Mwaka 2019 alilimaliza jarida lake bila kumwambia mtu. Majalada ya matoleo ambayo hayangekuwepo yalikuwa yametangazwa kwa wauzaji ili siri isivuje. Rick alipigwa risasi katika toleo la 192, la 193 likawa la mwisho, na msomaji akajua kwamba limekwisha alipokuwa amelishika mkononi. Jarida lile lilikuwa likiuzwa, na alikuwa na kila sababu ya kuendelea.

Najua mtakayoyajibu.

Mtasema televisheni ya kebo yote imepoteza watazamaji. Ni kweli. Lakini mwanzo wa msimu wa tano, Oktoba 2014, mlikuwa na watazamaji milioni 17.3, na mwanzo wa msimu wa saba, miaka miwili baadaye, mlikuwa bado na milioni 17, huku huduma za kuangalia kwa intaneti zikiwa zimekwisha kuenea Marekani nzima. Watu karibu milioni tano hawakuamua kuhama kebo ndani ya siku saba za Oktoba 2016. Mwisho wa msimu wa nane walikuwa chini ya milioni 8, mwanzo wa msimu wa tisa milioni 6, na siku ya kufunga pazia milioni 2 na laki mbili au tatu.

Mtasema Korona. Hilo nalikubali lote. Mwisho wa msimu wa 10 uliopangwa Aprili 2020 ulisogea hadi Oktoba, zikaongezwa sehemu sita za kuziba pengo, na moja kati ya hizo, ile ya historia ya Negan na mkewe, ilikuwa bora kuliko nusu ya msimu wa nane. Hakuna mtu anayewadai hesabu ya ugonjwa.

Mtasema pia kwamba msimu wa tisa mlijirekebisha, na hapo nawaunga mkono bila kusita. Angela Kang, mtayarishaji mkuu mpya, alipokea gari lililokwisha kutolewa magurudumu, akaliendesha. Wanong'onaji waliovaa ngozi za wafu walirudisha hofu ya kweli, na vichwa kumi juu ya vijiti, Machi 2019, Enid, Tara na kijana Henry wakiwemo, viliuma kwa sababu hatukuwa tumeonywa wala kuchezewa. Ile ilikuwa The Walking Dead yetu. Kinachosikitisha ni kwamba mama yule alikuwa akiwarudishia watazamaji imani huku ofisi ya juu ikiendelea kutangaza nani ana mkataba.

Kwa kuwa bado mnaimiliki hadithi hii, na bado mnaitengeneza, naomba yafuatayo.

Kwanza, mmetangaza kwamba msimu wa nne wa Daryl Dixon utakuwa wa mwisho. Uwe wa mwisho. Asiondoke na pikipiki kuelekea upande ambao kuna mradi mwingine. Kama anakufa, afe mbele yetu. Kama anafika nyumbani, afunge mlango na tusimwone tena.

Pili, msitangaze tamthilia yoyote mpya, wala mwigizaji wake, kabla sehemu ya mwisho ya iliyotangulia haijaonyeshwa. Hili halihitaji bajeti. Linahitaji kunyamaza miezi michache.

Tatu, msimrudishe Carl, wala Glenn, wala yeyote aliyezikwa, kwa ndoto, pacha au dunia sambamba, hata siku ambayo takwimu zitawashawishi.

Nne, zikusanyeni tamthilia zote, ile mama, Fear the Walking Dead, World Beyond, Tales, Dead City, Daryl Dixon na ile ya Rick na Michonne, mziweke mahali pamoja kwa mpangilio unaoeleweka, zipatikane kihalali Dar es Salaam, Nairobi na Lubumbashi kwa bei ya hapa, na manukuu ya Kiswahili. Hadithi moja imetawanywa kwenye huduma tofauti, kulingana na nchi na mwaka, kiasi kwamba mtu pekee anayeweza kukupa yote kwa mpangilio ni kijana wa flashi. Msipompa mtazamaji njia, msimshangae kijana huyo akiwa na foleni.

Tano, na hili ni kwa msimamizi mkuu wa maudhui moja kwa moja: atokee hadharani aeleze ni kwa nini uso wa aliyepigwa na Negan ulifichwa kwa miezi sita, na ni nani aliyeamua. Asituambie tena kwamba lilikuwa ni suala la kumaliza hadithi moja na kuanza nyingine. Tunataka kujua kama palikuwa na mwandishi yeyote mezani aliyepinga, na alijibiwa nini.

Nasubiri majibu yenu.

Wenu,

Mtazamaji,
Dar es Salaam, Tanzania